Kwenye tyubu wameandika "sparingly", yaani kwa uchache, sasa unapaka kiasi gani?

Tangu tuanze hii kampeni ya krimu za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, maswali ni mengi na karibu yote yanaangukia kwenye hilo neno moja. Wengi wanalichukulia kama "mara moja moja", basi mtu anapaka Jumatatu anarudia Alhamisi halafu anasema kauziwa feki. Hapana jamani. Neno linaongelea wingi wa krimu kila unapopaka, mara ngapi kwa siku inaandikwa kwenye cheti cha daktari.

Kipimo kipo tangu 1991. Kamulia krimu kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, toka ncha mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo pingili moja ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mkono bila kiganja pingili 3, mguu bila wayo 6. Mtoto unampimia kwa kidole chako ila pingili zake zinapungua. Na nyie wenye watoto wa pumu ya ngozi msiwe na hofu iliyopitiliza, ukigusisha krimu kidogo tu ngozi haitulii na mtoto anakesha anajikuna.

Kinachotuumiza zaidi ni wanaochanganya klobetasoli kwenye losheni wanapaka mwili mzima kila siku ili wang'ae. Ile ni steroidi kali sana, haizidi gramu 50 kwa wiki wala wiki 2 mfululizo. Ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatoka, mishipa inaonekana, na ukipaka kwenye fangasi wekundu unapungua huku fangasi wanazidi kusambaa. "Mbona inauzwa waziwazi" sio kibali, hili tumelisema sana! Kama umeshatumia muda mrefu usiache ghafla peke yako, muone daktari wa ngozi kwanza.

Utaratibu sasa. Hizi kali ni dawa za cheti, na cheti kiwe na jina lako, tarehe, jina la dawa na nguvu yake, pa kupaka, siku ngapi, jina na saini ya daktari, saini ikikosekana mfamasia atakurudisha na asilaumiwe. Anayeuza bila cheti dawa zinaweza kukamatwa, duka likafungiwa, kesi ikaenda mahakamani. Ukipata madhara omba ijazwe fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania), na tyubu njoo nayo hata kama imeisha, maana namba ya toleo mara nyingi imegongwa pale kwenye mkunjo wa chini na fomu inaihitaji.