Ini Lenye Uvimbe Usimpe Mbwa

Jumamosi moja, kwenye machinjio yetu madogo wilayani Kilwa, mzee mmoja mfugaji alisimama nyuma yangu nikikagua mbuzi wake. Ini lilikuwa na uvimbe mweupe, ukubwa wa limau. Pafu moja nalo lilikuwa na vidogo viwili. Nikamwambia hivi haviuzwi.

"Sawa, bwana mifugo. Basi nipe, nyumbani nina mbwa wanne."

Nikakataa, akakasirika. Ini lile hata angelila yeye mwenyewe, lisingempa ugonjwa huu wa uvimbe wa tegu wa mbwa, yaani hidatidi. Anayepata tegu huyo kwa kula ini ni mbwa, na mbwa ndiye anayetuletea sisi.

Nilivaa glovu nikautumbua ule uvimbe ndani ya beseni, aone. Yalitoka maji meupe kama ya mvua, na chini zikatulia chembe kama mchanga laini. Zile chembe ni vichwa vya tegu. Kikifika kwenye utumbo wa mbwa, kichwa hugeuka mnyoo wa milimita 3 hadi 7 tu, si ule utepe mrefu wa tegu wa ng'ombe au nguruwe. Mbwa anaweza kubeba maelfu na bado akafukuza nyani shambani kama kawaida. Baada ya wiki 6 hivi mayai huanza kutoka na kinyesi. Yananata kwenye manyoya, yanaingia lamboni, yanafika kwenye mchicha. Mbuzi akiyala, au mtoto akiyameza kwa mikono iliyotoka kumchezea mbwa, uvimbe uleule unaota ndani yake, mara nyingi kwenye ini.

Hukua polepole, miaka kadhaa bila maumivu, mpaka siku altrasaundi ikauonyesha. Hospitali wana upasuaji na dawa ya minyoo, albendazoli, ya muda mrefu. Ole wake anayechomwa kienyeji ili "maji yatoke": ukipasuka ndani, mzio wake unaweza kuua papo hapo, na vichwa vilivyomwagika vikaota upya.

Tangu mifugo ilipoondolewa bonde la Ihefu, kule Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wafugaji wengi walihamia huku Lindi, na mbwa wao wakaja nao. Sisi wa pwani tunajiona tumesalimika, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi na wengi hatumfugi. Lakini lambo ni moja, na mchicha wa sokoni hauulizwi ulikotoka.

Mzee alitulia, akauliza swali lililonibana: "Na tunaojichinjia bomani, nani anakagua?"

Hakuna. Nikamwambia awape mbwa dawa ya minyoo ya prazikwanteli kila baada ya wiki 6, na maini na mapafu ya namna hii ayachemshe nusu saa nzima kabla ya kuwapa.

"Mbwa apikiwe?" Akacheka. "Kuni utaleta wewe?"

Tukakubaliana shimo refu la kuyatupia, lenye mfuniko.