Beri nyeusi ikichumwa nyekundu haiivii ndani

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu: chuma beri nyeusi za mwituni zikiwa bado nyekundu, zifunge kwenye gazeti, baada ya siku mbili zitakuwa tamu. Si kweli.

Ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kukatwa, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Beri nyeusi sivyo. Sukari yake huletwa kutoka kwenye majani. Ukishaichuma, hakuna tena kinachoingia. Huenda ikakolea rangi kidogo na kulainika (ndiyo maana wengi huamini imeiva), lakini ukali unabaki palepale.

Tazama kishada kimoja kwa karibu. Ua la nchani hutangulia kufunguka, kwa hiyo utakuta ua, tunda la kijani, jekundu na jeusi vyote pamoja. Hilo jekundu si aina nyingine, ni bichi tu.

Ukitaka kuhakikisha, weka tatu nyekundu mezani, nyingine tatu uzifungie uzi hapohapo kwenye mmea, kisha uonje. Ujumbe ule ukikufikia, uishie kwako, usiusambaze. Beri iliyoiva hasa hupoteza mng'ao, na ukiigusa tu inakudondokea kiganjani.