Ruzuku ya Kuwaendeleza Walimu Nchini Marekani: Inaruhusiwa Kulipia Nini?

Kwa miaka mingi sasa, Bunge la Marekani limekuwa likitenga takriban dola bilioni 2 kila mwaka kwa ajili ya kuwaendeleza walimu na wakuu wa shule. Fedha hizo zimo katika Fungu la Pili, Sehemu A, la sheria ya elimu ya Every Student Succeeds Act, inayojulikana kwa kifupi chake, ESSA, ambayo Rais Barack Obama aliitia saini tarehe 10 Desemba 2015. Hupitia idara za elimu za majimbo, kisha hugawiwa wilaya za shule kwa kuzingatia idadi ya watoto na, kwa uzito mkubwa zaidi, idadi ya wale wanaoishi katika umaskini. Familia zetu zinazozungumza Kiswahili zilizoko Louisville, Des Moines au Portland katika jimbo la Maine zina haki ya kufahamu fedha hizi hufanya nini, kwa sababu ubora wa mwalimu anayemfundisha mtoto wao unategemea kwa sehemu jinsi zinavyotumika.

Sheria imefafanua mafunzo ya walimu kwa umakini mkubwa. Inataka yawe endelevu na ya kina, yawashirikishe walimu wenyewe kwa wenyewe, yafungamane na kazi yao ya kila siku, yaongozwe na takwimu na yalenge darasa, na inataja waziwazi kwamba semina ya siku moja isiyo na mwendelezo haitimizi sifa hizo. Kwa hiyo mnenaji mashuhuri anayekodiwa kuhutubia ukumbi mzima mwezi Agosti, kisha akaondoka na asionekane tena, ni matumizi dhaifu mbele ya sheria hata kama walimu walimfurahia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu semina za namna hiyo ni rahisi kuzipanga na rahisi kuzitolea hesabu, na ndiyo maana bado huzipenda wilaya nyingi.

Chukulia mfano wa walimu wanne wa darasa la tatu wanaokaa pamoja na karatasi za hesabu za wanafunzi wao. Wanagundua kwamba watoto kadhaa wanaojifunza Kiingereza hujumlisha sehemu, kama nusu na robo, bila kosa, lakini swali lilelile likiandikwa kwa maneno huliacha wazi. Wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao analifundisha huku watatu wakitazama na kuandika wanachokiona kwa watoto, si kwa mwenzao, kisha wanarudi mezani kulirekebisha kabla mwingine hajalifundisha. Kazi ya namna hii haihitaji vifaa vya gharama. Inachohitaji ni muda, na muda wa walimu una bei.

Ruzuku inaruhusiwa kulipia muda huo. Inaweza kumlipa mwalimu mbadala wa kushika madarasa ya wale watatu wanaotazama, au kuwapa walimu posho wakikutana baada ya saa za kazi au wakati wa likizo. Inaweza pia kulipa mshahara wa mwalimu mlezi anayezunguka madarasani kuwasaidia wenzake, pamoja na gharama za kuwaongoza walimu wapya katika miaka yao ya mwanzo. Vitabu na nyenzo za mafunzo huruhusiwa, na hata nauli na ada ya mkutano wa nje, iwapo mkutano huo ni sehemu ya mpango unaoendelea shuleni. Kwa walimu wa watoto wanaojifunza Kiingereza lipo pia Fungu la Tatu la sheria hiyohiyo, ambalo nalo linadai mafunzo yenye kina na muda wa kutosha kuleta mabadiliko ya kudumu darasani.

Mipaka yake nayo iko wazi. Kila gharama iwe ya lazima kwa lengo la ruzuku, iwe ya kiasi, na iwe na vielelezo. Pombe hairuhusiwi kabisa, na kwa kawaida burudani na zawadi za kumbukumbu nazo haziruhusiwi. Chakula huleta ubishi zaidi: Idara ya Elimu ya Marekani huweka mzigo mzito wa kuthibitisha kwa nini mkutano usingefanyika bila chakula hicho, hivyo ni busara shule ikatafuta fedha nyingine. Mwalimu hawezi kulipwa posho kwa saa ambazo tayari zimo ndani ya mshahara wake, na mtumishi anayelipwa kwa ruzuku lazima awe na kumbukumbu zinazoonyesha kazi aliyoifanya.

Shule nyingi huteleza penye kanuni ya kuongezea. Fedha za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, zimekusudiwa kuongeza juu ya kile ambacho jimbo na wilaya hugharamia, wala si kuchukua nafasi yake. Wilaya iliyowalipa walimu mbadala kwa fedha zake mwaka jana, kisha mwaka huu ikahamishia gharama hiyohiyo kwenye ruzuku, itachukuliwa kuwa imekiuka kanuni hadi ithibitishe vinginevyo. Ndivyo ilivyo pia kwa mafunzo ambayo sheria ya jimbo tayari inailazimu wilaya kuyatoa.

Walimu wa shule binafsi zisizo za kibiashara, zikiwemo za Kiislamu na za Kikatoliki, nao wanastahili sehemu ya huduma hizi. Hata hivyo fedha hubaki mikononi mwa wilaya, na mafunzo yenyewe yasiwe ya kidini.

Mzazi ana nafasi yake kisheria. Wilaya inapoandaa maombi ya fedha hizi inatakiwa kushauriana kwa dhati na walimu, wakuu wa shule, wazazi na wadau wengine wa jamii. Ukihudhuria kikao hicho, uliza ni kiasi gani kinakwenda kwenye muda wa walimu kufanya kazi pamoja na kiasi gani kinakwenda kwenye semina za siku moja, na wilaya itajuaje kwamba ufundishaji umebadilika. Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mazungumzo hayo, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Shule zinazopokea fedha za shirikisho zina wajibu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na huduma hiyo hailipiwi na mzazi.