Bega limeumia baada ya chanjo Marekani: fidia inapatikanaje?

Nilichomwa chanjo ya mafua, wiki ya tatu sasa mkono haupandi. Ni kawaida?

Hapana. Maumivu ya kawaida huisha baada ya siku mbili tatu. Mkono ukigoma kuinuka, huenda sindano ilichomwa juu mno, ikaukosa msuli na kumwaga dawa kwenye kifuko cha ute cha bega, nacho kikavimba. Kosa ni la mahali ilipopita sindano, si la chanjo, kwa hiyo usiache kuchanja. Ila mwakani funua bega lote. Usivute kola ya shati tu.

Nimshtaki muuguzi?

Sheria inakutaka uanze kwenye mfuko wa taifa wa fidia za chanjo, ulioanza kazi mwaka 1988. Unajazwa kwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Mdaiwa ni Waziri wa Afya, na shauri husikilizwa na mahakimu maalumu wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington. Huna haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu.

Nithibitishe nini basi?

Jeraha hili liliingia kwenye orodha rasmi ya majeraha yanayofidiwa mwaka 2017. Bega liwe halikuwa na tatizo kabla, maumivu yaanze ndani ya saa 48, yabaki kwenye bega lililochomwa, na pasiwe na sababu nyingine. Tena yawe yamedumu zaidi ya miezi sita, au yamekulaza hospitali na kufanyiwa upasuaji.

Hapo kwenye saa 48 ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Tunakanda kwa maji moto, tunameza vidonge, zamu hazituruhusu, tunamwona daktari mwezi wa nne tangu sindano. Naye anaandika "maumivu ya bega", basi. Nenda mapema, useme wazi: yalianza siku ile nilipochanjwa, mkono huu. Hakikisha imeandikwa.

Muda na wakili?

Miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Wakili hulipwa na mfuko, hata ukishindwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Akitaka asilimia ya fidia yako, mkimbie. Malipo ya maumivu hayavuki dola 250,000; matibabu na mishahara uliyopoteza huhesabiwa kando.

Ilikuwa chanjo ya UVIKO-19?

Huo ni mpango tofauti, na ni mchoyo: mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchanjwa, haulipi maumivu, na wakili unamlipa mwenyewe.