Kisima cha Matumbawe, Tangi la Matumbawe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Visima vingi vya Kisauni na Nyali, hapa Mombasa, vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe ya kale. Mvua ikipenya udongoni hubeba hewa ya ukaa, huchachuka kidogo, kisha huyeyusha chokaa ya jiwe hilo. Maji tunayoyavuta kwa pampu yanakuja nayo. Ndiyo maana sabuni haitoi povu na birika linajenga ukoko mweupe: haya ndiyo maji magumu. Basi anayefuga matumbawe hai ndani ya tangi sebuleni ana kichekesho chake: maji yaliyopita kwenye miamba iliyokufa hayaifai iliyo hai. Maneno ninayoyajibu hapa nimeyasikia kwa wenzangu wengi, na mawili kati yake nimewahi kuyasema mimi mwenyewe.

"Bahari iko hapo nje, maji ya kisima ya nini?"

Maji ya bahari yanaweza kutumika kubadilishia maji ya tangi, mradi yatekwe mbali na mabomba ya majitaka, maji yakiwa yamejaa. Shida ni mvuke. Tangi hupungua kila siku, na kinachoondoka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku, jambo la kawaida kwa joto letu hasa ukiliwekea feni. Ukiziba pengo hilo kwa maji ya bahari, kila lita inaingia na takribani gramu 35 za chumvi. Siku 10 zikipita umeongeza zaidi ya kilo moja, na uchumvi umepanda kutoka gramu 35 hadi 40 kwa lita. Pengo la mvuke huzibwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kisima kinarudi palepale.

"Maji magumu yana kalsiamu, na matumbawe hula kalsiamu."

Hili ni mojawapo ya yale mawili yangu. Linavutia kwa sababu nusu yake ni kweli: matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti. Lakini bahari ina kipimo chake. Kwa kila lita kuna kalsiamu miligramu 400 na kidogo, na magnesiamu karibu 1,300, yaani magnesiamu ni mara tatu. Kwenye maji ya mwamba wa chokaa mambo kwa kawaida ni kinyume, kalsiamu ndiyo inayotawala. Tena kalsiamu haiji peke yake.

Turudi kwenye lile tangi. Lita 3 kwa siku ni lita 90 kwa mwezi. Tuseme kisima chako kina kalsiamu miligramu 100 na nitrati miligramu 30 kwa lita, na nitrati hiyo si ajabu pale vyoo vya shimo vilipo jirani na kisima. Kwa mwezi mmoja umeingiza kalsiamu gramu 9, ambayo matumbawe pengine yataila. Umeingiza pia nitrati gramu 2.7, ambayo ni miligramu 13 na nusu kwa kila lita ya tangi, kabla samaki hawajaongeza yao. Hiyo italiwa na mwani. Kuna na silika, madini ya mchanga yaliyoyeyuka, ambayo ni karamu ya diatomu, ule utando wa kahawia unaofunika mchanga na vioo. Mimi niliufuta kwa mswaki miezi mizima nikilaumu taa.

Tangi la matumbawe linataka maji matupu, uyatie mwenyewe chumvi na madini kwa kipimo unachokijua. Maji magumu ni kama mchuzi uliokwisha tiwa chumvi na mtu mwingine: hata ukiuonja, hujui na kingine alichotia.

"Chemsha, au tia shabu."

Kuchemsha huondoa sehemu tu ya ugumu, ile inayoganda na kuwa ukoko wa birika. Ugumu unaotokana na salfeti na kloridi haubanduki. Na kwa kuwa sehemu ya maji imepaa, nitrati, silika na chumvi zilizobaki zinakuwa nzito kuliko mwanzo.

Shabu nayo ina kazi yake ya heshima. Nyanya yangu alikuwa akizungusha kipande kwenye mtungi wa maji ya tope, na kesho yake tope limetua chini. Lakini shabu inakamata udongo unaoelea, haikamati kilichoyeyuka. Maji ya kisima chetu yanatoka angavu kama kioo na bado ni magumu. Juu ya hayo inaacha salfeti, na alumini pia ukizidisha.

"Nimefunga mtambo wa kulainisha maji, nimemaliza."

Mtambo wa kulainisha haupunguzi, unabadilishana: unachukua kalsiamu na magnesiamu, unarudisha sodiamu. Sabuni itatoa povu, lakini kipimo cha TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka majini kwa miligramu kwa lita, kitasoma karibu namba ileile. Peke yake haufai kwa tangi. Ukiwekwa mbele ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi, hata hivyo, ni mlinzi mzuri, kwa sababu sodiamu haigandi juu ya utando wa RO kama chokaa inavyoganda, na utando wenyewe huizuia sodiamu vizuri.

"Sisi tunayanywa na hatuumwi."

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Kamba, konokono na matumbawe hudhurika kwa kiasi kilicho chini ya hapo kwa mbali sana. Ukiwa na bomba la shaba au viungio vya shaba nyumbani, neno hilo halikusaidii.

"Ukishanunua RO, kazi imekwisha."

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, zangu zikiwemo. Utando wangu wa kwanza ulikufa ndani ya miezi mitatu. Fundi aliyenifungia mashine alibana vali ya maji machafu, akaniambia, "Bosi, hii inamwaga maji mengi mno, nimekuokolea." Nilimshukuru!

Hesabu yenyewe ni hii. Mashine ya nyumbani kwa kawaida hutoa lita 1 safi na kumwaga 3 au 4. Ikimwaga 4, ugumu wa lita 5 unabebwa na lita 4, kwa hiyo maji yanayotoka upande wa uchafu ni magumu mara 1.25 tu kuliko yalivyoingia. Ukibana hadi lita 1 safi kwa lita 1 ya uchafu, ugumu wote wa lita 2 unabaki kwenye lita 1, mara mbili. Kwa maji ambayo tayari yamekaribia kuganda, chokaa inajenga juu ya utando kama ilivyojenga kwenye birika. Mwenye kisima kigumu aache ile vali ilivyo, au atangulize mtambo wa kulainisha.

Presha nayo isisahaulike. Tangi la maji lililo juu ya paa la nyumba isiyo na ghorofa halifikii hata psi 10 (psi ni kipimo cha presha), na utando unataka kama 50, kwa hiyo pampu ya kuongeza presha si anasa. Kiangazi, bahari ikiingia visimani, hali huwa ngumu zaidi: kwa kila TDS 100 utando hupoteza takribani psi 1 ya nguvu. Na kama unatia klorini kisimani au kwenye tangi la juu, chujio la kaboni lisichelewe kubadilishwa, maana klorini huula utando.

Halafu kuna ile hewa ya ukaa niliyoitaja mwanzo, na hii wengi hawaijui. Maji ya visima vya chokaa huwa nayo nyingi. Gesi haizuiwi na utando, inapita kama panya kwenye wavu wa samaki. Baada ya RO unakuta TDS 15 na unafurahi, lakini gesi hiyo inafika kwenye rezini ya DI, zile chembe zinazonasa madini yaliyoponyoka RO, ikiwa asidi na kuimaliza. Mtu ananunua rezini kila baada ya wiki chache na kumlaumu muuzaji. Dawa yake ni rahisi hata inatia aibu: kinga maji ya RO kwenye pipa safi, tia jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, lipumue usiku kucha, asubuhi ndipo uyapitishe kwenye rezini.

"TDS ikisoma sifuri, ni salama."

Kwa kawaida, ndiyo. Lakini kipimo kile kinasoma umeme unaopita majini, na silika haipitishi kiasi cha kusomeka. Rezini inapokaribia kuchoka, silika ni miongoni mwa vya kwanza kuponyoka, namba ikiwa bado sifuri. Diatomu zikirudi, badilisha rezini kwanza. Pia mwaga maji ya dakika chache za mwanzo kila unapowasha mashine iliyolala. Chumvi huvuja kupitia utando wakati imezimwa.

"Maji ya betri ni yaleyale."

Mengine ni mazuri kabisa, mengine ni ya bomba yaliyochujwa tu. Yapime kabla ya kumwaga, na usome chupa mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Maji ya mvua yana madini machache, ila hukusanya vumbi, kinyesi cha kunguru na zinki ya mabati. Yakinge baada ya mvua kuosha paa, kisha yapitishe kwenye kaboni na rezini. Kwa mwenye kisima kigumu sana, Aprili na Mei ni miezi ya kupumzisha mashine.

"RO ni uharibifu wa maji."

Maji yanayomwagwa ni maji yaleyale ya kisima, magumu zaidi kidogo. Yangu yanaingia kwenye pipa la bluu nyuma ya nyumba: yanadeki, yanasukuma choo, na yanayobaki tunamwagia mnazi. Mchicha tuliujaribu, majani yakaungua kingo. Mnazi haukulalamika.