Kuandaa barua nyingi kwa mpigo: orodha kwanza, bahasha baadaye

Ofisi nyingi za hapa Kisumu zinapoamua kuwaandikia wanachama au wateja wote kwa pamoja, iwe ni SACCO, shule ya bweni, hospitali ya kanisa au duka la pembejeo, hukimbilia kwanza kuulizia bei ya uchapishaji wa rangi. Orodha ya anwani huletwa mwisho, kwenye flashi, ikiwa imechapwa na watu watatu kwa namna tatu. Kazi huharibikia hapo. Barua ya kawaida ikimfikia mwenyewe itasomwa, lakini barua iliyopambwa ikiwa na msimbo wa Kisii badala ya wa Kisumu itazunguka, kisha itarudi ikiwa imechakaa. Ndiyo maana nitakaa na orodha kuliko kitu kingine chochote.

Barua zetu kwa kawaida haziendi nyumbani, zinakwenda kwenye sanduku la posta. "Milimani, nyuma ya kituo cha petroli" hakumsaidii karani anayepanga barua. Yeye anahitaji jina, nambari ya sanduku, msimbo wa tarakimu tano na mji wa posta hiyo. Kila kimoja kiwe na safu yake kwenye Excel. Ukiandika "S.L.P. 212-50100 Kakamega" yote katika kisanduku kimoja, hutaweza kupanga wala kukagua chochote.

Msimbo wenyewe ni ukaguzi wa bure. Tarakimu ya kwanza inaonyesha eneo: 2 ni upande wa Nakuru na Kericho, 3 ni Eldoret na Kitale, 4 ni Nyanza, 5 ni Magharibi. Kisumu ni 40100, Kisii 40200, Homa Bay 40300, Siaya 40600. Kakamega ni 50100, Bungoma 50200, Busia 50400. Nakuru ni 20100 na Kericho 20200. Panga orodha yote kwa msimbo, kisha shuka na safu ya mji kwa macho tu. Palipoandikwa 40200 halafu "Kisumu" patajitokeza penyewe katikati ya Kisii. Usikisie kipi ni sahihi, mpigie mwenyewe simu.

Misimbo ya Nairobi huanza na sifuri, na Excel huzifuta sifuri hizo bila kukuuliza: 00100 inabaki 100. Igeuze safu hiyo kuwa maandishi kabla hujaingiza data, si baada yake, kwa sababu sifuri iliyokwisha kupotea hairudi kwa kubadilisha muundo wa safu. Kuhakikisha, weka fomula =LEN(E2) kwenye safu tupu, E ikiwa ndiyo safu ya msimbo, uiburute hadi mwisho. Kila mstari usiotoa 5 una kasoro.

Halafu majina. Apostrofi ya Achieng', Nyang'au au Ng'ang'a huharibika faili inapohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na mteja anapokea bahasha yenye jina lililojaa alama za ajabu katikati. Sababu ni kwamba Word huweka apostrofi iliyopinda, na faili ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) ikifunguliwa kwa usimbaji usio wake, yaani mfumo mwingine wa kusoma herufi, haiitambui. Badilisha zote ziwe apostrofi iliyonyooka kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha, na hifadhi faili kama CSV ya UTF-8 (usimbaji unaobeba alama zote), au usitumie CSV kabisa, baki na faili ya Excel.

Kuna watu wanaojaza "Bw." na "Bi." kwa kuangalia herufi za mwanzo: Otieno bwana, Atieno bibi, Wekesa bwana, Nekesa bibi, Kip- bwana, Chep- bibi. Usifanye hivyo. Jina la mwisho la mwanamke mara nyingi ni la babake au la mumewe, kwa hiyo Bi. Otieno wako wengi. Na Cheruiyot ni jina la kiume ingawa linaanza na Che. Kama mtu mwenyewe hakukuambia aitwe vipi, andika majina yake mawili bila cheo. Hakuna anayechukizwa na jina lake kamili. Lakini mwalimu, mchungaji au daktari aliyejiandikisha kwa cheo chake, kihifadhi.

Majina yanayojirudia hayapatikani kwa kulinganisha jina zima, kwa maana "Ouma Joseph Otieno" na "Joseph O. Ouma" kwa kompyuta ni watu wawili. Mimi hupanga kwa msimbo, kisha nambari ya sanduku, kisha nasoma majina yaliyokaa pamoja. Nambari ya simu ni kipimo kizuri zaidi ikiwa ipo: fomula ya COUNTIF, inayohesabu kila nambari imetokea mara ngapi, ukiiweka kwa safu ya simu itakuonyesha zilizorudiwa. Ila usifute mtu kwa sababu tu sanduku ni moja. Huku kwetu sanduku la shule ya msingi, la kanisa au la mwajiri hubeba barua za watu kadhaa. Kwa barua kama hiyo jina la mpokeaji liwe mstari wa kwanza, na mstari wa pili uwe "Kupitia" na jina la shule au kanisa. Mstari wa pili ukikosekana, anayefungua sanduku hajui kama mwenye jina hilo ni wa hapo, nayo inabaki kwenye droo ya katibu.

Kabla ya kuchapa, hakikisha una haki ya kuwaandikia watu hao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu data binafsi itumike kwa biashara bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria iliporuhusu. Mwanachama anayepelekewa notisi ya mkutano wake na mtu ambaye jina lake ulilinunua kwa wakala hawako sawa. Orodha za kununua mimi sizigusi. Na katika kila barua ya matangazo weka mstari mmoja wa kumwambia mpokeaji namba ya kutuma SMS akitaka jina lake litolewe, kisha litoe kweli.

Sasa uzito, kwa sababu ndio unaoamua gharama. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita mraba ina uzito wa karibu gramu 5. Bahasha ya DL, milimita 110 kwa 220, ambayo inabeba A4 iliyokunjwa sehemu tatu, ina takriban gramu 4 na nusu hadi 5. Hatua ya kwanza ya bei ya barua kwa desturi inaishia gramu 20. Piga hesabu: karatasi mbili na bahasha ni kama gramu 15, uko salama. Karatasi tatu zinakufikisha ukingoni kabisa. Ongeza kikaratasi cha A5 cha gramu 130, ambacho peke yake ni gramu 4, au pini ya stepla tu, na kila barua imepanda hatua ya pili ya bei. Kwa barua 1,000 hicho kikaratasi kinaweza kukuongezea gharama ya posta kuliko bei ya kukichapa. Dawa ni kuchapa pande mbili, au kushuka hadi karatasi ya gramu 70, ambayo A4 yake ina gramu 4.4 hivi.

Usipime bahasha moja kwenye mizani ya jikoni, haisomi vizuri uzito mdogo hivyo. Pima kumi zilizojazwa kamili, ugawe kwa kumi. Ukipata 19.6, usifurahi, kwa sababu baadhi zitavuka. Lenga 18 au chini yake. Hapa karibu na ziwa kuna sababu nyingine ya kuacha nafasi hiyo: karatasi hunyonya unyevu wa hewa, na barua iliyolala kwenye ofisi yenye madirisha wazi msimu wa masika inakuwa nzito kidogo kuliko ilipotoka kwenye rimu.

Unyevu huo una madhara mengine mawili. Karatasi yenye unyevu ikipita kwenye joto la printa ya leza hutoka imejikunja, kisha inakwama. Fungua rimu moja kwa wakati, zilizobaki zikae kwenye kanga zake. La pili ni bahasha za gundi ya kulowesha: hujifunga zenyewe zikiwa bado dukani au stoo. Zihifadhi kwenye katoni iliyofungwa, juu ya rafu, si sakafuni, na kagua katoni kabla ya kulipa kwa kuchomoa bahasha chache za chini. Bahasha zenye utepe wa kubandua ni ghali kidogo lakini kwa Kisumu, Homa Bay au Busia napendekeza hizo. Nakuru unyevu hausumbui hivyo, huko adui ni vumbi kwenye roli za printa: zifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla ya kazi kubwa. Anwani zichapwe kwa leza, si kwa wino wa maji, kwa sababu tone moja la mvua huyeyusha jina.

Kama unatumia lebo, karatasi ya A4 yenye lebo 24, kila moja milimita 70 kwa 37, inatosha mistari mitano bila kubana. Usirudishe kwenye printa karatasi ambayo umeshabandua baadhi ya lebo: sehemu tupu huacha gundi kwenye dramu, na dramu ni ghali.

Kwa barua zilizo na taarifa za mtu mmoja mmoja, kama salio la mkopo au matokeo ya mtoto, mimi sipendi lebo hata kidogo. Barua ziko kwenye rundo moja, lebo kwenye rundo jingine. Printa ikikwama kwenye barua ya 137 na ikaichapa mara mbili, au mtu akiangusha chache na kuzirudisha ovyo, kuanzia hapo kila bahasha inabeba siri ya jirani. Huo ni uvujaji wa data, na pakiwa na hatari ya kweli ya kumdhuru mhusika sheria inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Tumia bahasha zenye dirisha, ambazo anwani inayoonekana ni ile iliyo kwenye barua yenyewe. Kunja barua ya kwanza, itie ndani, kisha igonge bahasha mezani kwa pande zote nne. Ikiwa mstari wowote wa anwani unatoka nje ya dirisha, au jambo la siri linaingia dirishani, rekebisha mpangilio kwenye Word kabla ya kuchapa nakala ya pili.

Kama ni lazima lebo zitumike, chapa nambari ya mfuatano kwa herufi ndogo kwenye kona ya barua na kwenye lebo, fanya kazi kwa mafungu ya 50, na lebo ya 50 ibandikwe kwenye barua ya 50. Isipolingana, fungua fungu hilo tu, si kazi nzima. Nambari hiyohiyo itakusaidia barua zikirudi.

Kukunja kwa mkono kunataka rula na meza pana. Kunja theluthi ya chini kuja juu, kisha theluthi ya juu ishuke juu yake (kwa bahasha ya dirisha, laza barua kifudifudi kwanza ili anwani ibaki nje), na usugue mkunjo kwa ukingo wa rula ya plastiki. Mkunjo uliolegea hufutuka na kupasua bahasha. Wape watu wawili bahasha 50 kwanza, upime muda waliotumia, ndipo uahidi tarehe. Nunua karatasi na bahasha za ziada, kama 5 kwa kila 100, kwa ajili ya zitakazoharibika.

Tarehe uihesabu kurudi nyuma. SACCO inayoitisha mkutano mkuu inatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya angalau siku 15, na msomaji wa Siaya huenda hafungui sanduku kila siku. Wiki moja ya ziada juu ya siku hizo si nyingi.

Barua 1,000 hazitumbukizwi kwenye sanduku la barabarani. Nenda kaunta ya posta siku kadhaa kabla, na sampuli moja iliyojazwa kamili, uulize bei ya wingi na namna ya kulipia: stempu, mashine ya kugonga malipo, au chapa ya "imelipiwa" yenye kibali inayochapwa moja kwa moja kwenye bahasha. Stempu 1,000 za kubandika kwa mkono ni kazi ya siku nzima, epuka. Zipeleke zimefungwa kwa raba kulingana na msimbo, zote zikitazama upande mmoja, na karatasi juu ya kila fungu yenye msimbo na idadi. Karani akikuta zimepangwa hivyo, hana haja ya kuzipanga upya. Nenda asubuhi, katikati ya wiki, na usiondoke bila risiti yenye idadi.

Ongeza kwenye orodha anwani tatu au nne za watu wenu wenyewe: mmoja Kakamega, mmoja Kericho, mmoja Siaya. Wakikupigia kwamba barua imefika, unajua ilichukua siku ngapi na ilifika katika hali gani. Na kama barua inaomba malipo, elekeza kwamba nambari ya akaunti kwenye Paybill (malipo ya M-Pesa) ianze na herufi mbili ulizoichagulia barua hiyo, ili mhasibu aone fedha zipi zimeletwa nayo.

Nyuma ya kila bahasha chapa anwani yako ya kurudishia. Zinazorudi zisitupwe kwenye katoni. Mara nyingi sanduku limefungwa kwa kutolipiwa ada ya mwaka, au mtu amehama. Siku barua inaporudi, soma nambari yake ya mfuatano, mtumie mwenyewe SMS kuuliza sanduku jipya, na uandike jibu kwenye orodha pamoja na tarehe. Asiyejibu, muwekee alama kwenye safu ya mwisho ili asiingie katika uchapaji unaofuata.