Pombe nayo ina arosto

"Sista, tumemfungia chumbani. Leo siku ya tatu. Maji tumemwekea, biskuti tumemwekea, Kurani inasoma kwenye simu mchana na usiku. Sasa ameanza kuzungumza na watu tusiowaona."

Simu hiyo niliipokea juma lililopita, saa tisa usiku. Mwaka huu ni ya nne ya aina hiyo, na zote zina neno lile lile, tumemfungia, tena linatamkwa kwa fahari, kama mtu aliyewahi kukomea geti kabla ya mwizi kuingia. Nikamuuliza swali langu la kila siku: gilasi ya mwisho alikunywa lini, saa ngapi? Kimya. Kisha akasema maneno yaliyonikalisha leo kuandika: "Lakini sista, si pombe tu? Angekuwa wa unga tungemleta hospitali."

Pombe tu!

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mombasa, na mji huu unaijua arosto, yale mateso ya mwili unapokatiwa kilevi ulichokizoea. Mtoto wa maskani Kisauni atakuhadithia: mifupa inauma, tumbo linaharisha, miayo, machozi, makamasi, mtu anasikia baridi juani. Arosto ya unga, yaani heroini, inapiga kelele, ndiyo maana inaogopwa. Pombe watu wanaihesabia hangova tu, unywe supu ya pweza, na ikikataa, utoe loki asubuhi, yaani unywe tena kidogo. Ukweli umekaa kinyume. Arosto ya heroini ni mateso, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ya kadiri na anayepata maji, ni nadra kumuua yenyewe. (Kinachomuua ni kurudia dozi yake ya zamani wakati mwili umeshaisahau. Hiyo ni makala nyingine.) Arosto ya pombe inaua, na inawaua watu siku ile ile waliyoamua kufanya jambo jema.

Kwa nini? Umewahi kutazama mashua za tanga zikishindana? Upepo ukiwa mkali, mabaharia hutoka nje kwenye ubao, upande wa joshini, wakauning'iniza uzito wao juu ya maji ili mashua isilale. Sasa upepo ukatike ghafla na wao wangali nje. Mashua inapindukia upande wao. Pombe ndiyo upepo. Miaka kumi imekuwa ikiusukuma ubongo upande wa usingizi: inaipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza, na kuizima glutameti, inayochangamsha. Ubongo nao haukukaa bure. Umeipunguzia GABA masikio na kuiongezea glutameti vipokezi, yaani umetoa mabaharia wote nje. Ukikata pombe leo, wao hawarudi ndani leo. Watachukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo za hatari. Ujasiri wa mtu, imani yake na mapenzi ya mama yake havimrudishi baharia hata mmoja.

Saa zenyewe zinahesabika. Baada ya saa 6 hadi 12 tangu gilasi ya mwisho, mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, kichefuchefu, wasiwasi usio na sababu. Kati ya saa 6 na 48 kunaweza kuja kifafa, kwa mtu ambaye hakuwahi kuanguka maishani mwake. Siku ya pili hadi ya nne ndiyo ya ile ambayo wodini tunaiita diti, kifupi cha delirium tremens: tetemeko, homa, shinikizo la damu juu, na akili kuchafuka kabisa. Jina lake la Kilatini lilitolewa na daktari Mwingereza, Thomas Sutton, mwaka 1813, na baada yake madaktari walibishana kwa zaidi ya miaka 100 kama diti inatokana na pombe yenyewe au na kuiacha. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, Marekani, waliwanywesha pombe kwa majuma wanaume 10 waliojitolea, huku wakiwalisha vizuri, kisha wakawakatia. Baadhi ya waliokunywa muda mrefu walipata kifafa na kuchanganyikiwa. Leo kamati ya maadili isingekubali jaribio kama lile, lakini ubishi uliisha. Ni kuiacha.

Kwa hiyo msione nawasumbua ninapouliza saa ngapi. Tena semeni "saa mbili usiku" au "saa mbili asubuhi". Kuna daktari mwanafunzi aliyeambiwa "saa mbili" na mzee mmoja, akaandika 2:00. Saa sita zikapotea kwenye faili, na kwa ugonjwa unaokwenda kwa saa, sita ni nyingi mno. Kifafa kilitukuta bado tunangoja.

Sasa jini. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Mtu wa diti haoni vitu vya ajabu ajabu tu. Mara nyingi anafanya kazi yake. Nimemlaza makanga aliyepiga ubavu wa kitanda kwa kiganja usiku kucha akiita, "Bamburi, Mtwapa, wawili wa haraka!" Nimemlaza mvuvi aliyevuta shuka kwa mikono miwili, akikunja, akivuta, na alipoona mimi nimesimama tu akanigombeza nishike kamba. Nimemlaza fundi cherehani akitunga uzi kwenye sindano isiyokuwepo, na alikuwa anaramba ncha ya ule uzi kwanza. Jamaa wanasema kapandwa. Mimi nauliza, jini gani hilo linalojua nauli ya Mtwapa?

Sina ugomvi na mashehe. Yupo mmoja ambaye siku hizi ananipigia mwenyewe akiona mtu anatetemeka na kunuka pombe, na anakuja kusoma pembeni ya kitanda huku dripu inashuka. Hatujawahi kugombana. Ninachokataa ni chumba kilichofungwa madirisha kikajazwa moshi wa ubani, na mtu kufungwa kamba akapambana nayo hadi asubuhi. Mwili wa diti tayari unachemka. Ukiufunga, unachemka zaidi, maji yanaisha, chumvi za damu zinavurugika, moyo unakosa mpigo. Halafu watu husema jini limemmaliza. Akitibiwa mapema, wanaokufa kwa diti ni chini ya 5 katika kila 100. Asipotibiwa, hesabu ni nyingine kabisa.

Jambo la pili linalonichosha lina tarehe, na kila mwaka nalingojea. Vunja jungu, zile karamu za mwisho kabla ya Ramadhani. Nyinyi mnaijua ya biriani na pwani. Mimi naijua ya yule anayekunywa siku tano mfululizo kwa sababu mwezi ukiandama anaacha, kisha anaacha kweli, usiku mmoja, bila kumwambia mtu kwa sababu ya haya. Ramadhani mosi anatetemeka, wanadhani ni njaa. Ramadhani pili anaanguka, wanadhani ni joto. Mwakani anarudia. Na kila mara anapokata hivyo, ya mbele huwa mbaya zaidi, kama mfereji wa maji ya mvua uani: mwaka wa kwanza mstari, wa nne korongo. Nikiri kwamba kwa panya jambo hili limeonyeshwa vizuri kuliko kwa binadamu, na wapo wanaosema ni umri tu na wingi wa pombe. Huenda. Ninachojua ni kwamba swali la "umewahi kuanguka ulipoacha zamani?" linanitabiria mengi kuliko vipimo vyote vya damu nilivyonavyo. Basi niambieni mwezi wa Rajabu. Msiniambie usiku wa mwezi kuandama. Na ndugu zangu Wakristo msicheke, wenu nawapokea siku mbili baada ya Jumatano ya Majivu.

"Basi apunguze mwenyewe polepole." Kwa kanuni ni sawa. Lakini apunguze nini? Mnazi ulioshushwa asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, ukilala unaelekea kuwa siki. Gilasi tatu za asubuhi si gilasi tatu za magharibi, na mangweni, kunakouzwa mnazi huo, hakuna chupa yenye maandishi ya kipimo. Chang'aa ndiyo kabisa, hata aliyeipika hajui nguvu yake. Pamoja na hayo, niwaambie nililolifanya. Mama mmoja alinipigia kutoka ndani ndani huko Kinango, usiku, hakuna gari, mwanawe anatetemeka na mwaka uliopita aliwahi kuanguka. Nikamwambia, mama, mpe gilasi moja, kaa naye, alfajiri mpakie. Nilimwagiza pombe mgonjwa wa pombe. Vitabu vyangu havina ukurasa wa usiku ule. Alifika hai, lakini angefika hai hata bila ile gilasi? Sijui, na bado naliwaza.

Dawa yenyewe kwa kifupi. Diazepamu au nduguye, inayoshika nafasi ya upepo kisha tunaupunguza taratibu kwa siku tano hadi saba hivi. Thiamini, yaani vitamini B1, kwa sindano, na nawasihi wa zahanati mnaokimbilia kutundika dripu ya glukosi: thiamini itangulie au ziende pamoja. Mwili wa mnywaji wa siku nyingi hauna akiba, glukosi inammalizia iliyobaki, na mtu anaweza kupoteza kumbukumbu zisirudi tena. Sukari ikiwa chini kabisa, msingoje, mpeni zote. Mengine ni maji, chumvi, chakula, taa isiyozimwa, na mtu wa kumwambia jina lake na mahali alipo.

Mashaka yangu yako kwenye kumpa diazepamu aende nayo nyumbani. Vitanda havitoshi, na wengi hawakihitaji. Watatetemeka siku mbili tatu na kwisha, hilo nalo ni kweli. Lakini vidonge vya aina hiyo maskani wanaviita bugizi na vina bei. Mwingine atavinywa juu ya pombe, na viwili hivyo pamoja vinazima pumzi. Kwa hiyo nampa nani? Namtazama aliye naye nyumbani kuliko ninavyomtazama yeye. Akiwa na dada mkali, nampa za siku moja moja, dada aje kila asubuhi. Akiwa peke yake, au anakunywa kabla ya kupiga mswaki, au ana sukari au ini bovu, au amewahi kuanguka, namtafutia kitanda hata kwa kugombana. Nimekosea pande zote mbili. Wapo niliowalaza bure, na yupo mmoja niliyemrudisha.

Yule wa simu walimleta kabla ya alfajiri, kwa tuktuk, mikono imefungwa kwa leso ya mama yake. Joto 39. Aliniita Bi Asha, akanidai chenji. Siku ya tano aliamka akauliza hapa ni wapi, akala mahamri na mbaazi, akalala kwa saa nne. Hakumbuki chumba wala kufuli.

Kaka yake akanivuta pembeni. "Sasa sista, amepona?"

Nikamwambia amepona arosto, pombe yenyewe hatujaanza kuizungumza, na usingizi utamsumbua majuma mengi, kwa hiyo akimwona ukumbini saa nane usiku asidhani anatoroka. Miadi ni Jumatano. Ile kadi anaishika kaka, nimeona ameitia kwenye mfuko mmoja na ufunguo.